Ile Faili Kubwa ya Sauti ya Mama Yako

Kaloleni, Voi
Jumapili, saa kumi jioni

Wakesho,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo uani ukigombana na zipu ya sanduku, na shangazi yako akikuambia ulikalie. Mimi nimejifungia chumbani nikisema nina kazi ya kuandika. Sikudanganya, kazi yenyewe ndiyo hii.

Mambo ya blanketi, ya kula vizuri na ya marafiki wa kuepuka, shangazi amekuwa akikuambia tangu Alhamisi, na anayajua kuliko mimi. Ninachotaka ni kukujibu lile swali uliloniuliza juzi tukila, nikakutupia maneno mawili na kutoka nje.

Uliuliza hivi: "Baba, hii muziki ya ubora wa juu, ile ya kulipia kila mwezi, ni ukweli inashinda CD? Nikipata kibarua huko Eldoret nataka niilipie, nikuwekee na wewe kwa simu." Kisha ukaongeza, bila kuniangalia, kwamba ile faili ya mama umeshaihamishia kwenye simu yako, na kwamba imekula nafasi yote hadi ukafuta picha zako za shule ili itoshe.

Nikasema, "Haina haja." Nikaenda kusimama kando ya tangi kama mtu anayechungulia kama maji yamejaa. Maji yenyewe hayajatoka wiki nzima, na wewe unajua hivyo.

Basi kaa chini popote utakaposoma haya. Yatakukasirisha, na una haki.

Ulipozaliwa nilikuwa na duka la nyimbo pale mjini, karibu na yanapopakia magari ya Taveta. Lilikuwa chumba kimoja chenye joto la kuoka mkate, kompyuta moja na mashine ya kuchomea CD. Wateja wangu walikuwa madereva wa malori na makondakta, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza wimbo unasikikaje. Swali lao lilikuwa moja tu: "Fundi, zinaingia ngapi?" Nikawapa walichotaka. Nilizibana nyimbo hadi zikaingia mia mbili mahali pa ishirini. Kubana huko ni kunyofoa vipande vya sauti ambavyo kompyuta inadhani sikio halitavikosa, na ukinyofoa kidogo, kwa kweli sikio halikosi kitu. Mimi nilinyofoa bila huruma. Jirani yangu wa duka alikuwa akiweka mia, nami nikamcheka kwamba hajui kazi.

Mama yako hakulipenda duka lile. "Unauza nyimbo kwa kupima kama dagaa," aliniambia siku moja, mbele ya wateja. Walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini nilimnunia hadi jioni. Nilikuwa mtu wa kununa. Hilo hujalisahau.

Ulikuwa na miaka mitatu wakati kwaya yake kule juu Mgange ilipoamua kurekodi. Siku hiyo, Wakesho, nilifanya kazi kama mtu. Nilikodi maikrofoni mbili za maana kutoka Mombasa, nikazifunga blanketi zisiguswe na vumbi njiani. Niliwavulisha wanakwaya wote viatu ili mbao za kanisa zisilie, na asubuhi ile ilikuwa na ukungu na baridi ya kule unayoijua, mabibi wazima wakasimama peku wakinilaani kwa chini chini. Nilizima hata saa ya ukutani. Mama yako ndiye aliyeongoza. Aliimba na mkono mmoja kiunoni, kama alivyokuwa akisimama jikoni.

Tuliporudi nyumbani nilimchomea CD yake, sauti nzima, bila kubana chochote. Akachukua kalamu ya wino mzito akaandika juu yake neno moja: YETU. Tulikuwa tukiicheza kwenye ile redio nyeusi sebuleni, na wewe ulikuwa ukienda nyuma ya redio kumtafuta mama huku amekaa hapo hapo kwenye kiti. Ya kuuza nikaitengeneza baadaye, nikaibana kama nyingine zote. Na kompyuta ilipojaa, nikafuta zile sauti za kwanza nilizorekodi, nikabakiza ya kuuza. Sikufikiri hata dakika moja. Kulikuwa na nyimbo mpya za kuweka.

Kisha zikaja fleshi, na CD zikakosa mnunuzi. Zikajaa maboksi hadi chini ya kitanda chetu. Hapa kwetu unajua CD iliyokufa kazi yake ni nini: inafungwa uzi, inaning'inizwa shambani, jua likiipiga inametameta na ndege wanaogopa. Mutua, yule mkulima wa Njukini aliyekuwa akituletea maharagwe, akaniambia ndege wanamaliza mtama wake na anataka CD nyingi iwezekanavyo. Nikamwambia aje na gari achukue zote.

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni ameshika nguo yako ya shule iliyolowa. Akasema, "Baba Wakesho, usipeane ile yetu."

Nikamjibu hivi, na nakunukulia neno kwa neno kwa sababu nimelirudia jibu hilo miaka yote hii: "Mama Wakesho, sauti ni ile ile. Iko kwa kompyuta."

Hakubishana. Aliamini kwamba mimi ndiye ninayejua mambo ya sauti. Sikufungua boksi hata moja kuangalia. Nilimsaidia Mutua kupakia, nikafurahi kwamba chumba kimepata nafasi.

Mwaka uliofuata ndio ule alioanza kuumwa, na tulimzika kabla hujafika miaka tisa. Wewe unakumbuka mazishi kwa namna yako. Mimi nakumbuka kwamba tulikuwa tumekodi spika kubwa mbili, na watu wa kwaya wakaomba wimbo wake uchezwe kabla ya jeneza kutolewa nje. Nikachomeka fleshi. Kwenye gari la dereva, kwenye kelele za injini, nyimbo zangu zilisikika sawa. Pale mlimani Mgange tulipomzika, watu wakiwa wamenyamaza kimya, nilisikia kazi yangu kwa mara ya kwanza. Sauti ilitoka kama mtu anayeimba ndani ya pipa lililofunikwa. Herufi zake zote zilikuwa zikichemka. Mama yako mdogo alikuwa amekaa karibu nami, akanishika mkono akauliza, "Shemeji, huyu ni nani anaimba?"

Nikamwambia, "Ni dada yako."

Akasema, "Huyu si dada yangu." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli.

Wiki iliyofuata nilienda Njukini. Wewe nilikuacha kwa shangazi nikisema nafuata maharagwe. Mutua alinipokea vizuri, akanipa uji, akanionyesha shamba. CD zilikuwa zimening'inia kwenye nyuzi kutoka mwanzo hadi mwisho wa mtama. Nikamweleza ninachotafuta. Akakuna kichwa.

"Lakini fundi, si wewe ulisema ni takataka? Sasa mimi ningejuaje kuna ya mama?" Akaniangalia akaona uso wangu, akapunguza sauti. "Pole sana. Na nikuambie ukweli, hata hazikusaidia. Ndege walizizoea wiki mbili tu. Wanazikalia juu."

Nilitembea safu baada ya safu nikizigeuza. Zile za kuchoma mwenyewe hazipendi jua, na jua la Njukini halina mchezo. Rangi ilikuwa imetoka, nyingine zimebanduka ule utando wa fedha hadi unaona mahindi ya jirani upande wa pili. Wino wa kalamu ulikuwa umekwisha kwenye zote. Nilifungua thelathini na kitu nikaja nazo nyumbani ndani ya kikapu, nikaziingiza kwenye mashine moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyosoma. Huenda yetu ilikuwa miongoni mwa hizo. Huenda ilianguka ikalimwa na jembe. Sitajua, na hiyo nayo ni adhabu yake.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekaa na mtoto wake akalia naye. Mimi nikaanza kununua vyombo.

Wewe ulidhani baba yako anapenda muziki. Watu wote wa Kaloleni wanadhani hivyo. Nilinunua hedifoni za bei ambayo sikumwambia mtu, nikanunua kile kichezeshi cha nyimbo kidogo cheusi, nikaanza kupakua nyimbo za ubora wa juu, zile faili nzito za kungojewa usiku na mchana. Nilisoma kila kitu kilichoandikwa na wauzaji, na wauzaji wanajua kuandika. Waliniambia CD inaficha sauti nyingine, kwamba kuna hewa kati ya ala na ala, kwamba sijawahi kusikia muziki maishani. Nikawaamini kwa sababu nilitaka kuamini kwamba tatizo ni CD. Kama tatizo ni CD, basi si mimi.

Uliponiletea chai nilikuinulia kidole unyamaze. Uliporudi na matokeo ya darasa la nane nilikuambia ngoja wimbo uishe. Ulingoja. Ulisimama pale na karatasi yako hadi wimbo ukaisha, na nilipovua hedifoni sikuuliza chochote mpaka ukasema mwenyewe. Hilo limenikaa kifuani kuliko mengi makubwa.

Na unakumbuka mchezo wako ulipokuwa kidato cha pili? Ulinifunga leso machoni, ukacheka, ukaniambia, "Baba, leo tunakupima." Ukanichezea wimbo mmoja kutoka kwenye CD, na wimbo huo huo kutoka kwenye ile faili nzito. Nikachagua moja nikasema kwa madaha, hii, sikia upana wake. Ilikuwa CD. Ukarudia mara tatu, na mara mbili nikachagua CD, na ile mara ya tatu nilibahatisha tu. Ulicheka hadi ukakaa sakafuni. Baba mwingine angecheka nawe. Mimi nilikuambia masikio yako ni ya kijijini na hujui unachosikia, nikakununia siku mbili. Ulikuwa umenionyesha ukweli bure, ukweli ambao ungeniokolea mengi, na mimi nikakuadhibu kwa sababu yake.

Sasa nakuja kwa lile ambalo nimezunguka nisilifikie.

Mwaka jana ulipopata nafasi ya chuo huko Eldoret, nilikuambia kwamba chuo kimejaa na wamesema usubiri mwaka mmoja. Hakikuwa kimejaa. Karo yako niliipeleka Mombasa.

Kulikuwa na fundi mmoja kule, kijana msafi mwenye maneno matamu, aliyesema ana mashine ya kurudisha sauti zilizobanwa. Nilimpelekea ule wimbo wa mama yako. Akausikiliza akatikisa kichwa kama daktari. "Mzee, hii inapanda hadi ubora wa juu kabisa," akasema. "Utamsikia kama yuko hapa." Mimi, niliyekuwa nabana nyimbo kwa riziki, niliyejua kuliko mtu yeyote Voi nzima kwamba kilichonyofolewa kimeenda, nilikaa mbele yake nikamwamini. Kuhamisha unga kilo moja kutoka mfuko mdogo hadi gunia hakuongezi unga. Nilijua. Nilijua na nikalipa.

Faili ilikuja kubwa mara nyingi kuliko ya kwanza. Niliisikiliza peke yangu kwanza. Ilikuwa ni lile lile pipa, ameliongezea tu mng'aro juu, herufi za s zinachoma sikio. Dakika ya kwanza haikuisha nikawa nimeelewa nilichofanya.

Kisha nikakuita. Nikakuvisha hedifoni kwa mikono yangu nikakuambia, "Sasa mama yako anasikika vizuri." Ukafumba macho. Ukalia. Ukasema, "Ni kweli baba, nasikia tofauti, nasikia hadi anavyovuta pumzi."

Mwanangu, hakukuwa na tofauti. Hukusikia kitu, ulinipenda tu, na nilikuacha uamini hivyo. Halafu mwaka mzima nikakuangalia ukiamka kwenda kuuza vifuniko vya simu pale mjini kwa yule mama mkali, ukirudi miguu imevimba, ukinunua sukari ya nyumba, ukiniambia usijali baba, mwaka ni mfupi. Nilikuwa nikinywa ile chai yenye sukari yako. Safari hii unayoenda kesho ulipaswa kuwa umeshaizoea, na wenzako uliomaliza nao shule watakuwa mbele yako darasa moja, na si kosa la chuo. Ni langu.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Usilipie. CD iliyotengenezwa vizuri ina kila kitu ambacho sikio la mtu linaweza kupokea, na ulithibitisha mwenyewe na leso yako. Kinachoharibu wimbo au kuutengeneza kinatokea mapema, siku watu wanapoimba, na baadaye mikononi mwa yule anayeutunza. Ukikuta wimbo umerekodiwa vizuri, usikilize kwa chochote ulicho nacho. Na ile faili kubwa kwenye simu yako ifute. Ile ndogo ya zamani nimekuwekea kwenye fleshi ndani ya bahasha hii, ni mbaya lakini ni ya kweli, na picha zako utapata nafasi ya kupiga nyingine.

Nilidhani ningeishia hapo. Shangazi amegonga mlango anauliza kama nakula, nimemwambia baadaye. Kuna kitu kimoja ambacho sijamwambia mtu, hata yeye.

Siku ile ya Mgange, wimbo wa mwisho ulipoisha niliinua mkono watu wasisogee, ili sauti imalizike yenyewe kwenye zile kuta za mawe. Inachukua muda. Watu wote wamesimama peku, wamejizuia hata kukohoa. Mama yako akashindwa kuvumilia. Akauliza kwa kunong'ona, "Wakesho yuko wapi? Nani amemshika?" Na wewe ukajibu kutoka nyuma ya benchi, kwa sauti kubwa, "Niko hapa!" Akacheka. Akasema, "Haya, kaa hapo hapo, nakuja." Halafu nikazima mashine.

Yote hayo yalikuwa kwenye CD yetu. Ndiyo sababu alitaka isitolewe, na mimi sikukumbuka, yeye alikumbuka. Kwenye ile ya kuuza nilikata palepale wimbo unapoisha, kwa sababu hakuna mteja anayenunua kimya na minong'ono, na kwa kukata nilipata nafasi ya kusogeza wimbo mwingine. Sikubana ile sehemu, Wakesho, niliitupa kabisa. Hakuna mashine, hakuna ubora wa juu, hakuna bei ambayo ingeirudisha, na nililipa karo yako kutafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwa ndani ya ile faili. Mahali pekee kilipobaki ni kichwani mwangu, na kichwa changu kinazeeka. Mara nyingine sina hakika kama alisema "nakuja" au "nakuja sasa hivi". Nimekuandikia ili kiwe na wewe pia, jinsi nilivyokikumbuka leo.

Siombi msamaha kwenye karatasi. Ningeweza kukuambia haya hapo uani, hatua kumi kutoka nilipokaa, na nimeshindwa. Nitatia barua hii kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku, na utaikuta ukishafika, wakati hatutazamani. Huo ni woga, najua jina lake.

Lakini wewe usinijibu kwa kuandika. Usinitumie ujumbe, wala usimpe shangazi maneno aniletee. Nipigie. Mtandao wetu unakatakata na simu yangu ni ile kuukuu, utasikika vibaya, sijali. Kama ni kunitukana, nitukane kwa mdomo wako. Nitasikiliza mpaka umalize, na ukinyamaza katikati, nitangoja.

Baba yako